Laptopu imejisasisha bibi harusi akiingia. Sasa ninunue sanduku la plagini?

Kinanda_Katuba · Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakubwa kwa wadogo, nawasalimu kutoka Katuba, Lubumbashi.

Jana nilikuwa napiga kinanda kwenye harusi, ukumbi mmoja huko Bel-Air. Tangu mwaka juzi sibebi tena kinanda kizito. Nina kibodi ya MIDI ya oktava tano, ile isiyo na sauti yake yenyewe, laptopu ya Windows na kadi ya sauti ya USB, basi. Sauti zote zimo kwenye plagini, yaani programu za ala: piano, ogani, vinubi, na ile piano ya umeme ya miaka ya 80 ambayo wazee wakiisikia lazima wainuke.

MC akamtangaza bibi harusi. Mpiga ngoma akanipa jicho. Nikaweka mikono, sauti mbili tatu zikatoka, halafu kioo kikawa cha buluu, kiduara kinazunguka, na maneno ya Kifaransa yakiniambia nisizime mashine. Asilimia 4. Bibi harusi yuko mlangoni, ukumbi mzima umesimama, na mimi nasoma asilimia. Mpiga gitaa alidaka wimbo akauvusha peke yake, nami nikabaki nimeshika kibodi kama mtu aliyeshika usukani wa gari lisilo na injini.

Sasa kuna mtu amerudi kutoka Ubelgiji na sanduku la Receptor, lile la kufunga kwenye raki. Anataka dola 400. Anasema ni mashine ya plagini tu: haina Windows, haina sasisho, unawasha unapiga. Moyo umeshakubali, mfuko ndio unauliza maswali. Mnasemaje?

Bass_Kenya · saa 2:55 usiku

Pole yaya, kaka yangu. Mi minaona uuze yote, ununue Yamaha yenye sauti ndani, ulale muzuri. Njo vile mupiga kinanda wetu anafanyaka, na hajawahi kusoma asilimia.

Pwani_Tamu · saa 3:10 usiku

Bass_Kenya, uko Kenya sehemu gani? Mimi niko Mombasa, nina Yamaha nauza.

Bass_Kenya · saa 3:12 usiku

Kenya ya Lubumbashi, ndugu. Commune. Soko letu liko karibu kuliko Mombasa 😂

Solda_Kamalondo · saa 4:05 usiku

Kinanda_Katuba, kabla hujatoa hizo dola 400, niruhusu nilifungue hilo sanduku hapa hapa, maana kufungua ndiyo kazi yangu.

Mbili za aina hiyo zimeshapita mezani kwangu. Ukitoa skrubu za juu unakuta bodi ya kompyuta, prosesa ya AMD, RAM, diski na pawasaplai. Ni kompyuta. Muse Research, kampuni ya Marekani iliyozitengeneza, waliweka Linux mahali pa Windows, na juu yake tabaka la kuidanganya plagini ya Windows ijione iko kwao. Hawakuwa peke yao. SM Pro Audio wa Australia walikuwa na V-Machine, kadogo ka kubeba mkononi. Hata vinanda vya heshima ni hivyo hivyo: Korg OASYS ya mwaka 2005 ina Pentium 4 tumboni, na Kronos ya 2011 ina Intel Atom, ukoo ule ule wa prosesa za vilaptopu vya bei rahisi. Zote mbili zinaendesha Linux. Watu wanazifuta vumbi kwa leso ya harusi, hawajui wanaifuta kompyuta.

Kwa hiyo unachochagua si kompyuta au sanduku. Unachagua kompyuta yenye kazi moja au kompyuta yenye kazi kumi. Yako ilikuwa na ngapi? Sema ukweli.

Halafu kuna umri. Steinberg wa Hamburg walianzisha VST, muundo wa plagini hizi, mwaka 1996. Plagini za ala zikaja na VST 2 mwaka 1999, VST 3 mwaka 2008, na Oktoba 2018 wakafunga mlango wa leseni mpya za VST 2. Receptor za kwanza ni za enzi ya VST 2 na biti 32. Wenye kutengeneza plagini wameshahama zamani. Utanunua nyumba nzuri, lakini kila kitanda kipya utakachokileta hakitapita mlangoni.

Kinanda_Katuba · saa 4:20 usiku

Kazi ngapi… WhatsApp, filamu za watoto, maswali ya mtihani ya mke wangu (ni mwalimu), hesabu za likelemba (mchezo wa kupeana fedha), na antivirusi mbili kwa sababu kijana wa saiba alisema moja haitoshi.

Solda_Kamalondo · saa 4:22 usiku

Antivirusi mbili! Hao ni walinzi wawili kwenye lango moja, kila mmoja anamkagua mwenzake, mgeni anasubiri nje na mvua.

Yaya_Mikseri · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Naomba nitetee sanduku kidogo, maana naona mnalizika likiwa hai. Mimi si mpiga ala, mimi ndiye ninayekaa nyuma ya mikseri na kutukanwa sauti ikiharibika.

Laptopu inakuja jukwaani imewekwa juu ya kiti cha plastiki. Waya wa USB haufungi, unaegeshwa tu. Mtoto akipita, au mjomba wa bwana harusi akija kumbandika mwanamuziki noti kwenye paji la uso, waya unachomoka na sauti imekwenda. Kutoka kwenye kadi ya sauti wananiletea waya mwembamba wa jeki ndogo, ule wa simu, halafu wanataka ogani ijaze ukumbi. Sanduku la raki limefungwa kwa skrubu nne, lina jeki kubwa nyuma, mtu hawezi kumwagia bia yake ya Simba juu ya herufi kwa sababu herufi hazipo.

Na mvumo! Laptopu ikiwa kwenye chaja, nyumba nyingi hapa hazina waya wa ardhi, basi kwenye spika unasikia nyuki. Ukichomoa chaja nyuki wanakufa. Dawa ipo, ni kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya ala na mikseri, chenye kitufe cha kukata ardhi, lakini katika wapiga kinanda kumi wanaonijia, anacho mmoja. Tisa wananiambia, "Yaya, mikseri yako inavuma."

Bass_Kenya · saa 1:40 asubuhi

Na delestaji, ule mgao wa umeme? Sanduku linafanya nini moto ukikatika?

Solda_Kamalondo · saa 2:30 asubuhi

Hapo ndipo Bass_Kenya amegusa kidonda. Sanduku halina betri. Umeme ukipepesa jicho, sekunde moja tu, limezimika, na kuwaka tena ni safari: Linux iamke, plagini zipakiwe, sampuli, yaani sauti za ala zilizorekodiwa, ziingie kwenye RAM. Kronos yenyewe, na SSD yake, inachukua kama dakika mbili au zaidi kuamka. Hesabu dakika mbili padri akiwa ameinua mikono.

Laptopu inaendelea. Inaipa umeme kibodi kupitia USB, inaipa na kadi ya sauti. Tena chaja yake imeandikwa 100–240V, kwa hiyo umeme wa saa moja jioni ukishuka mpaka taa zinakuwa nyekundu, yenyewe haina habari. Pawasaplai za masanduku ya zamani, nyingine zina kiswichi cha nyuma cha 115 au 230, na nimeshaona kilichowekwa pabaya. Harufu yake huisahau.

Ukinunua sanduku, nunua na onduleri. Na onduleri nayo ina betri ya risasi, inazeeka, uzito wake kama jiwe. Ule wepesi uliokufanya uache kinanda kikubwa umeuacha njiani.

Yaya_Mikseri · saa 2:41 asubuhi

Moto ukikatika hata amplifaya zangu zimekatika. Laptopu yako itampigia nani?

Bafa_128 · saa 6:50 mchana

Nimesoma yote, na kuna jambo mnalizunguka bila kulishika: kwa nini laptopu mpya yenye nguvu inatoa "trak trak" na sanduku la zamani halitoi? Watu wanadhani ni kasi. Si kasi.

Fikirini jiko la harusi. Kuna mama anapakua bukari (ugali), na kuna kijana wa kupeleka sahani ukumbini. Yule kijana hasubiri mtu. Kila baada ya muda uleule anarudi dirishani. Akikuta sahani, anabeba. Asipoikuta, anaondoka mikono mitupu. Mama ndiye prosesa, kijana ndiye kadi ya sauti, na ile safari ya mikono mitupu ndiyo "trak" mnayoisikia.

Sahani ndiyo bafa, fungu la sauti linaloandaliwa kwa mara moja. Hapa sampuli ni vile vipande vidogo vya sauti ndani ya fungu. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 maana yake kijana anarudi kila milisekunde 2.7. Bafa ya 256, milisekunde 5.3. Bafa ya 512, milisekunde 10.7. Sahani ikiwa kubwa mama anapata pumzi, lakini kidole kinagusa sasa na sauti inafika baadaye.

Mama wa laptopu ya kisasa ana mkono mwepesi ajabu, anaweza kujaza sahani tano kijana akibeba moja. Shida yake ni kuitwa. Draiva ya Wi-Fi, programu inayokiendesha hicho kifaa, inamwita: njoo uone kama kuna mtandao. Bluetooth inamwita. Antivirusi inamwita (yako zinamwita mbili). Hata mashine yenyewe inamwambia apunguze mwendo ili betri isiishe. Kila wito ni mfupi. Lakini wimbo wa dakika tano kwa bafa ya 128 ni safari zaidi ya laki moja za kijana, na kati ya hizo laki moja, akikosa sahani mara moja tu ukumbi umesikia. Ndiyo maana unatazama kipimo cha prosesa kinakuonyesha asilimia 15 na bado sauti inakatika. Kipimo kinakupa wastani. Sikio halijali wastani.

Mama wa kwenye sanduku ni mzee, mkono wake mzito. Lakini jikoni yuko peke yake, na mlango ameufunga kwa ndani.

Sasa, huo mlango hata kwenye laptopu unafungika. Zima Wi-Fi na Bluetooth kule kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), si kwenye kile kitufe cha ndege tu. Weka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu. Kataza USB kulala. Tumia draiva ya ASIO, ya kupunguza uchelewaji wa sauti, iliyotoka kwa mtengenezaji wa kadi yako; ASIO4ALL, ile ya kadi yoyote, iwe ya dharura. Kisha endesha programu ya LatencyMon dakika kumi, itakutajia kwa jina ni draiva gani inamwita mama. Kwangu ilikuwa Wi-Fi. Kwa jirani yangu ilikuwa kadi ya picha.

Na bafa ya 256 msiiogope. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja ni karibu milisekunde 3. Mpiga kinanda ambaye spika yake iko mita tatu kutoka sikioni anaishi na milisekunde 9 tangu azaliwe. Akilalamika, mwambieni asogeze spika.

Kinanda_Katuba · saa 7:10 mchana

Bafa_128, nimesoma mara mbili, na mara zote mbili nimesikia njaa.

Solda_Kamalondo · saa 7:30 mchana

Ongeza na vumbi. Kiangazi hiki chetu, Agosti na Septemba, vumbi jekundu linajaa kwenye feni mpaka unatoa kitu kama kipande cha blanketi. Prosesa ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe, na hiyo LatencyMon haitakuambia kuna blanketi. Mlete mama apumue, isafishwe mara moja kwa mwaka. Kwangu au kwa mwingine, si tangazo hili.

(Ni tangazo kidogo.)

Mama_Alto · saa 12:20 jioni

Mwanangu Kinanda_Katuba, ile harusi nilikuwepo, meza ya tatu upande wa kushoto. Nimekutambua kwa hadithi, jina lako silitaji.

Mimi naimba alto kwaya ya parokia tangu kabla hamjazaliwa wengi wenu humu, na mambo ya milisekunde siyajui. Najua jambo moja. Zamani mpiga kinanda alikuwa anatutazama sisi midomo. Tukivuta pumzi anavuta nasi, tukichelewesha neno anatusubiri. Tangu laptopu ije, anatazama kioo. Uso umepata rangi ya buluu kama wa mtu anayesoma ujumbe wa deni. Tunaingia kipindi cha kupumua, yeye ameshaingia ubeti wa pili.

Mimi kama ningekuwa na dola 400 za kukupa, ningekununulia kitu kisicho na kioo.

Pi_Ruashi · saa 2:05 usiku

Shikamoo Mama_Alto. Hicho kitu kisicho na kioo ninacho, na si dola 400.

Nimejiundia sanduku langu mwenyewe kwa Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja. Ilipotoka mwaka 2019 bei yake ilianzia dola 35 huko kwao. Mpaka ipite Afrika Kusini, ivuke mpaka wa Kasumbalesa na kila mtu wa njiani aishike mkono, imeshakuwa bei nyingine, lakini bado haijafika nusu ya hilo la Ubelgiji. Juu yake nimeweka kadi ndogo ya sauti. Programu ni Zynthian, ya bure, imetengenezwa kwa kazi hii. Umeme natoa kwenye pawabanki ya simu, ile yenye amperi 3. Delestaji haijui kama mimi nipo.

Piano natumia Pianoteq ya Modartt, Wafaransa wa Toulouse. Hiyo haina sampuli. Inahesabu jinsi uzi wa piano unavyotikisika, kwa hiyo faili lake ni MB kwa makumi tu mahali ambapo piano za sampuli zinakula GB kwa makumi. Inaendeshwa kwenye Linux ya ARM, ukoo wa prosesa ya Pi, bila kelele. Kwa sauti nyingine kuna Surge XT, na Dexed inayofuata nyayo za Yamaha DX7 ya mwaka 1983, ile ile piano ya kuwainua wazee. Zote mbili za bure kwa halali.

Ubaya wake sifichi. Kwanza, plagini za Windows haziingii, prosesa ni ya ukoo mwingine. Kama una plagini yako unayoipenda na haina toleo la Linux, isahau. Pili, kadi ya SD. Nilichomoa umeme mara moja bila kuizima vizuri, kesho yake haikuwaka, na ilikuwa Jumapili. Sasa natembea na kadi ya pili iliyonakiliwa, nimeibandika kwa plasta ndani ya kifuniko. Tatu, fundi wake ni mimi. Nikiumwa malaria, hakuna wa kumpigia simu.

Ndege_Golf · saa 2:30 usiku

Mnajitesa. Nunua Mac ya mkono wa pili na MainStage ya dola 30. Hiyo ndiyo programu iliyofikiriwa kwa jukwaa: kila wimbo na sauti zake, unabonyeza mguu inahama. Miaka minne nayo, sijawahi kuona kiduara.

Bass_Kenya · saa 2:33 usiku

Golf munasemaka "nunua Mac" kama vile munasema nunua mandazi.

Ndege_Golf · saa 2:50 usiku

Haya, kwenye Windows kuna Cantabile na Gig Performer, zinafanya kazi ile ile ya kupanga nyimbo. Hata Reaper ya dola 60 inatosha ukiwa na subira. Ninachosema ni kwamba watu wanafungua programu kubwa ya kurekodia muziki, yenye nyimbo za studio za mwaka mzima, halafu wanaipeleka kwenye misa. Ni kama kuhamisha nyumba kila ukienda sokoni.

Na Mama_Alto ana haki. Mimi kioo nakifunika, nabakiza kanyagio la mguu na karatasi ya orodha ya nyimbo.

Mgeni_Likasi · saa 3:15 usiku

Swali la aibu. Plagini zangu zote ni za kreki, zile zilizovunjwa kufuli la leseni. Kwenye sanduku zitaingia?

Msimamizi · saa 3:40 usiku

Nauacha huu ujumbe kwa sababu swali ni la kweli na watu wengi wanalo kimoyomoyo. Lakini viungo vya kreki vikiwekwa hapa, nafuta na kufunga mlango.

Solda_Kamalondo · saa 4:00 usiku

Mgeni_Likasi, sikuhukumu. Kulipa kwa kadi ya benki kutoka hapa kwetu ni safari yenye vituo. Lakini kama fundi nakuambia: nusu ya laptopu za wanamuziki zinazoletwa kwangu "zimekuwa nzito" zina wadudu walioingia na kreki. Programu ya kuvunja kufuli inakuomba uzime antivirusi, wewe unazima, halafu unashangaa nani aliingia. Huyo mdudu naye anamwita mama jikoni, usiku na mchana.

Masanduku nayo mengi yanataka plagini zilizopita mikononi mwa mtengenezaji wa sanduku. Ya sasa ndiyo kabisa: MPC za Akai zinaendesha plagini zilizotengenezwa kwa ajili yao, Maschine+ ya mwaka 2020 inaendesha za Native Instruments tu, na si zote. MOD Dwarf ipo, ya pedali, lakini ni plagini za LV2, muundo mwingine usio VST. Lile wazo la zamani la "leta plagini yoyote, tutaiendesha" limebaki kwa kompyuta ya kawaida. Mimi naona ndilo lililowaua wale wa kwanza: walibeba mzigo wa plagini za watu wengine, na kila plagini ikibadilika wao ndio wanaopigiwa simu.

Kinanda_Katuba · Alhamisi, saa 1:30 usiku

Ndugu zangu, nimerudi na ripoti. Solda_Kamalondo amejitolea twende wote kuliona sanduku. Asante mukubwa, na ile soda siyo malipo.

Sanduku kwa nje ni zuri, nakiri. Chuma kizito, kitufe kikubwa, kioo kidogo cha mistari miwili. Nilipoligusa nilijiona kama mtu wa studio. Solda akaweka sikio kwenye kifuniko kama daktari, akaniambia nisikilize: diski inakwaruza. Tukaliwasha. Likafika. Piano ikatoka, ogani ikatoka, kwa kweli halikuwa na trak hata moja, Bafa_128 ulisema kweli kuhusu mlango wa ndani.

Kisha nikauliza: leseni za hizi plagini ziko kwa jina la nani? Muuzaji akanyamaza. Alilinunua kwa mtu, aliyelinunua kwa mtu. Akaunti ni ya yule wa kwanza, nenosiri analo yeye, na yeye hajulikani aliko. Nikajaribu kumuuliza Solda kwa macho. Akaanza kufunga begi lake la bisibisi.

Sikununua.

Yaya_Mikseri · saa 1:45 usiku

Umenivunja moyo, lakini diski inayokwaruza siitetei.

Kinanda_Katuba · Jumatatu nyingine, saa 2:10 usiku

Ya mwisho, halafu nawaacha mpumzike.

Nimenunua mjini laptopu ya ofisi ya mkono wa pili, nene, mbaya, ile wanayotupa makampuni. RAM ya 16, SSD. Ina Windows 10. Muuzaji alinipunguzia akisema Microsoft walishaiacha tangu tarehe 14 Oktoba 2025, haipati tena sasisho za kawaida. Nilijikaza nisicheke mbele yake. Hiyo haitaingia intaneti tena: plagini nimezisajili mara moja nyumbani, kisha Wi-Fi nimeizima kule kwenye vifaa. Haina WhatsApp wala filamu. Watoto wameshaambiwa hiyo si kompyuta, ni kinanda cha baba. Mdogo wa mwisho akauliza mbona kinanda kina herufi, nikamwambia nyamaza.

Nimefuata orodha ya Bafa_128. Bafa 256. Kioo nimekifunika kwa kitambaa cha madhabahu kilichochakaa, alinipa Mama_Alto mwenyewe. DI nimenunua. Waya wa USB nimeufunga na gundi ya karatasi kwenye mwili wa laptopu, ni aibu kuutazama lakini hauchomoki.

Jana misa ya pili. Dakika ya arobaini hivi, katikati ya sadaka, moto ukakatika. Laptopu haikustuka. Kibodi inawaka, taa ya kadi ya sauti inawaka, kila kitu kiko sawa kabisa. Na kanisa zima kimya, kwa sababu amplifaya zilikuwa zimekufa, kama alivyosema Yaya_Mikseri. Nilikuwa napiga ogani nzuri mno ambayo hakuna mtu duniani aliyeisikia.

Kwaya haikusimama. Walishika sauti nne, ngoma ikawa ya mikono, na mimi nikafanya nilichokuwa sijafanya mwaka mzima, nikawatazama midomo. Moto uliporudi tulikuwa ubeti wa nne, mimi na wao, kwenye neno lile lile. Nilikuwa nimeshusha toni nusu bila kujua, wao ndio waliokuwa wameshuka.

Mama_Alto · saa 2:30 usiku

Tulishuka kwa sababu tenori walichoka. Uliingia vizuri mwanangu.

Yaya_Mikseri · saa 2:34 usiku

Spika moja ya betri pembeni yako, ya kukusaidia wewe na kwaya tu. Ninayo ya kukodisha.

Pi_Ruashi · saa 2:50 usiku

Yaya Kinanda, ile laptopu ya zamani, ya asilimia 4, unaifanyia nini?

Kinanda_Katuba · saa 2:58 usiku

Mke wangu ameichukua kwa mitihani. Imefika asilimia 100, kwa taarifa yako. Ila kama una adapta ya 19V yenye kichwa chembamba, niambie, hii mpya ilikuja bila chaja yake halisi na ninayotumia inapata moto kuliko bukari la Bafa_128.